Mwenye Sindano na Sikukuu ya Watu

Hotuba kwa Waislamu wa mji kwa ajili ya Sikukuu ya Idi

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na ahali zake, na masahaba zake wote.



Asubuhi ya Idi, kabla jua halijapanda, njia zote ziendazo msikitini hujaa weupe. Kanzu zimefuliwa na kupigwa pasi, watoto wamepakwa mafuta, na kila mwanamume amevaa kofia iliyo bora katika nyumba yake. Mtu humtazama mwenziwe akamwambia, "Kofia yako nzuri, bwana, umeipata wapi?" Naye hutaja duka, au ndugu aliyemletea kutoka pwani. Aghalabu mazungumzo huishia hapo. Ni wachache waulizao swali la pili, nalo ni hili: aliyeishona kofia hii ni nani, na yeye mwenyewe Idi yake ameilaje?

Swali hilo la pili ndilo maudhui ya hotuba hii. Kwani sikukuu ya watu wengi hushonwa kwa mikono ya watu wachache, na hao wachache hukesha ili wengine wapendeze. Nyumba zao zina wazee na watoto kama nyumba nyingine zote, zina futari ya kupika na nguo za kununua. Basi yafaa Waislamu waijue nyumba ya mwenye sindano: jinsi kazi inavyoishi pamoja na familia, na haki gani iko juu ya yule avaaye.

Kwanza na ijulikane kuwa kazi ya mikono ina heshima kubwa katika dini. Imepokewa kuwa Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alikuwa akila katika kazi ya mikono yake. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alipoulizwa Mtume alifanya nini awapo nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake. Na katika mapokezi mengine imetajwa kuwa alishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Na Bibi Zainabu binti Jahshi, mke wa Mtume, alisifiwa kwa kuwa alifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka katika pato lake. Ikiwa sindano imeingia katika nyumba ya Mtume, nani awezaye kuidharau?

Hebu sasa, ndugu wasikilizaji, mzuru kwa fikra nyumba tatu za sindano. Ya kwanza ni ile iliyo kuu kuliko zote, nayo ni nyumba ishonayo nguo ya Al-Kaaba Tukufu.

Kila Mwislamu anaijua nguo ile nyeusi, Kiswa, yenye mkanda wa maandishi ya dhahabu. Lakini wengi hawajui habari ya mafundi wake. Kwa karne nyingi nguo hiyo ilitengenezwa Misri na kupelekwa Makka pamoja na msafara wa mahujaji. Sultani al-Salih Ismail, aliyetawala Misri tangu mwaka 1342 hata mwaka 1345, aliweka wakfu mapato ya vijiji ili gharama ya nguo hiyo isikosekane. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika utawala wa Muhammad Ali, kazi hiyo iliwekwa katika karakana kubwa mtaa wa Khoronfish, mjini Kairo. Mwaka 1927 Mfalme Abdulaziz alifungua karakana Makka yenyewe. Baada ya miaka kadhaa Misri ilirudia kupeleka nguo yake, na iliendelea hata mwaka 1962. Tangu wakati huo kazi imekuwa ya mafundi wa Makka. Mwaka 1977 walifunguliwa kiwanda kipya mahali paitwapo Umm al-Jud.

Kazi yenyewe ni ya subira kubwa. Hariri husafishwa, hutiwa rangi nyeusi, kisha hufumwa. Nguo nzima ina kimo cha mita 14 hivi, na huchukua zaidi ya kilo 600 za hariri. Maandishi ya aya huchapwa kwanza juu ya kitambaa ili yawe mwongozo. Fundi hujaza nyuzi za pamba chini ya kila herufi hata herufi ikainuka, kisha huipitishia juu yake nyuzi nyembamba za fedha zilizopakwa dhahabu, mshono kwa mshono, kwa mkono. Herufi moja humshika fundi kwa muda mrefu, na mkanda mzima huwachukua mafundi wengi miezi mingi.

Na tazameni jinsi kazi hiyo ilivyofungamana na sikukuu. Kwa miaka mingi nguo mpya ilivikwa tarehe 9 ya Mfungo Tatu, siku mahujaji wasimamapo Arafa, yaani mkesha wa Idi Kubwa. Tangu mwaka 2022 huvikwa siku ya kwanza ya Mfungo Nne, mwanzo wa mwaka wa Kiislamu. Ama iwe siku ile ama hii, fundi anajua kuwa siku haitangoja. Yeye hana ruhusa ya kusema, "Njoni wiki ijayo." Mamilioni ya watu watatazama kazi yake, wala hapana hata mmoja atakayemjua jina.

Hata hivyo ujuzi haukufa pale kazi ilipoondoka Kairo. Katika soko la Khan al-Khalili, miaka 60 baada ya nguo ya mwisho kutoka Misri, mjukuu wa mmoja wa wasimamizi wa mwisho wa kazi ile alikuwa angali akiketi na zari na sindano, akitarizi aya kwa namna ile ile aliyoifuata babu yake. Nguo yenyewe ilikwisha kwenda zake. Mkono ulibaki katika familia. Hilo ni jambo la kuzingatia, na litarudi tena mbele.

Nyumba ya pili i katika mji huo huo wa Kairo. Kusini ya lango la Bab Zuweila, lililojengwa mwaka 1092, pana mtaa uliofunikwa paa, jengo la Radwan Bey wa karne ya 17. Wenyeji huuita Mtaa wa Khayamiya, yaani mtaa wa mafundi wa mahema. Maduka yake ni madogo. Fundi huketi juu, miguu ameikunja, kitambaa kizito kimemlalia magotini, na sindano haikai.

Namna yao ya kazi ni hii. Pambo huchorwa katika karatasi, na karatasi hukunjwa ili pande zote zilingane. Mistari hutobolewa kwa sindano, kisha unga hupigwapigwa juu yake hata ukapenya katika matundu na kuacha alama kwenye kitambaa kilicho chini. Hapo fundi huchukua vipande vya nguo za rangi, nyekundu, samawati, manjano na kijani, akavikata kwa mkasi, akaikunja ncha yake kwa sindano na kuishona papo hapo, kipande baada ya kipande. Mwisho wake ni ukuta mzima wa maua, nyota na maandishi. Kuta hizo zikisimamishwa huwa hema la arusi, la matanga, au la futari.

Mwezi wa Ramadhani ndio msimu wao. Katika miji ya Misri ni desturi ya wenye uwezo kuandaa meza njiani, na maskini, wasafiri na wapita njia hufuturu bure bila kuulizwa jina. Watu huziita meza za Rahmani. Nyingi katika meza hizo hukaa chini ya nguo za mtaa ule. Basi fundi wa mahema hushona paa la futari ya watu asiowajua, na adhana ya magharibi ikilia huondoka kwenda kwa watoto wake. Mtoto wa kiume huanza kazi hiyo akingali mdogo, huketi karibu na baba au ami yake, akitia uzi katika sindano, kisha akipewa pindo rahisi, hata siku moja akaachiwa ua zima.

Lakini tangu mwishoni mwa karne ya 20 kulitokea nguo za kupigwa chapa kwa mashine, zenye mapambo yanayoiga yale ya mkono. Bei yake ni ndogo, na mtu akiwa mbali haoni tofauti. Hema lililomchukua fundi miezi likawa halina mnunuzi. Mafundi wengi wakaacha. Waliobaki wakageukia mito ya kuegemea na nguo za kutundika ukutani, wanazouziwa wageni. Hapo mtaa ule wa karne nyingi ulijikuta na swali lile lile linalozikabili nyumba nyingi za sindano: baba atamfundisha mwanawe kazi isiyomlisha?

Nyumba ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na vichwa vya watu wa nchi hizi, maana ni nyumba ya mshona kofia wa pwani.

Si jambo la kusahau kuwa kofia na kanzu zilifika bara kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani ikapita Tabora hata Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika ikaingia Manyema na Kasongo. Na mingine ilishika njia ya Karagwe hata Buganda. Tarehe zataja kuwa mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alikuwako katika baraza la Kabaka Suna wa Pili, akisema naye habari za Mwenyezi Mungu. Pamoja na nguo na shanga za biashara ulikuja mtindo wa mavazi, na kanzu ikakaa hata ikawa vazi la heshima la wanaume wa Buganda, Waislamu na wasio Waislamu. Kofia ikakaa Rumonge na Bujumbura, ikakaa Kigali, ikakaa Kisangani. Watu walizaliwa na kufa nayo, wala hawakuiona bahari iliyoileta.

Kofia ya kushonwa kwa mkono ina sehemu mbili: duara ya juu, na ukingo uzungukao kichwa. Kila sehemu ni ya kitambaa cha pamba cheupe chenye matabaka. Pambo huchorwa kwanza kwa kalamu ya risasi. Kisha hutobolewa vitundu vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi hata ukingo wake ukawa imara. Ndivyo viitwavyo viua. Kwa kazi hiyo kofia hupendeza machoni na kichwa hupata hewa. Unguja kazi hiyo imekuwa zaidi ya wanawake majumbani. Lamu wapo na wanaume waishonao wakiwa barazani. Omani nako kofia ya namna hiyo huitwa kumma, nayo ni ushahidi wa udugu wa tangu zamani baina ya nchi ile na Unguja. Kofia moja nzuri yaweza kuchukua mwezi au zaidi, kwa sababu mshonaji hana siku nzima ya kushona: hushona baada ya kufagia na kabla ya kupika, hushona mtoto akilala, huweka chini mtoto akiamka.

Pigeni mfano wa nyumba moja ya Ng'ambo, mjini Unguja, kama zilivyo nyingi. Yumo bibi aliyekwisha kuwa mtu mzima sana, yumo binti yake, na yumo mjukuu wa kike wa miaka 14 ambaye shule imefungwa kwa ajili ya Ramadhani. Baba wa nyumba ni mchukuzi bandarini. Mwanzo wa Shaabani amekuja bwana mmoja kuagiza kofia ya Idi, naye ametaka pambo zuri kupita yote.

Nyumba nzima huingia katika kofia ile. Bibi hushona duara ya juu, kwa kuwa mkono wake haukosei. Mama hushika ukingo. Mjukuu hupewa vitundu vya pembeni, na kila akimaliza safu hupeleka kwa bibi, bibi huipitishia kidole, na penye kulegea humwambia, "Fumua, mjukuu wangu, uanze tena." Mchana wa saumu hushona hata alasiri, kisha mama huondoka kwenda kuchemsha uji na kukaanga kaimati, na wawili wale hubaki mkekani. Baada ya tarawehe taa huwekwa karibu na sindano hushikwa tena. Wakati huo ndio wa hadithi. Bibi husimulia jinsi mama yake alivyomfundisha, na pambo hili lilitoka kwa nani, na lile liliitwa nini zamani. Mtoto hujifunza mshono kwa vidole na tarehe ya ukoo kwa masikio, kwa mara moja.

Ni katika siku hizo mjukuu alipochukua daftari lake la shule, akaanza kuchora pambo lake mwenyewe: majani ya mkungu yanayofuatana, na katikati yake nyota ndogo. Alimwonyesha bibi kwa woga. Bibi akaligeuza daftari huku na huku, akasema, "Majani yako ni makubwa, uzi hautayashika. Yapunguze. Nyota iache kama ilivyo."

Usiku wa kuamkia Idi yule bwana alikuja. Akaitazama kofia, akaisifu sana, akaivaa, akajitazama katika kioo. Kisha akasema kuwa mkono wake ni mtupu kwa sababu ya gharama za sikukuu, na fedha ataleta Idi ikiisha. Akaenda zake. Na zile fedha ndizo zilizotazamiwa kununulia nguo za watoto, na nyama ya pilau, na mkono wa Idi.

Mjukuu alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Bibi, kofia yetu kesho itaswali safu ya mbele, na sisi tutakwenda Mnazi Mmoja na nguo za mwaka jana. Na baba ataswali na kofia ya kununua iliyochakaa. Kazi hii ina faida gani? Shule ikifunguliwa mimi sishoni tena."

Bibi hakumkemea. Alimjibu, "Mjukuu wangu, ulilosema ni kweli. Watu hunifanyia hivi tangu sijamzaa mama yako, nami hunyamaza kwa kuona haya kudai. Haya yangu ndiyo iliyokukosesha nguo mpya. Sindano haina kosa."

Idi ikapita. Tarehe 6 ya Mfungo Mosi yule bwana akarudi na fedha zake kamili, na kofia nyingine akataka, ya Idi Kubwa. Bibi akamkaribisha vizuri, akamwambia kwa adabu, "Kofia nitakushonea, bwana, inshallah. Lakini safari hii nataka arubuni: nusu ya ujira leo, na nusu siku ya kuichukua." Bwana yule alinyamaza kidogo, kisha akatia mkono mfukoni akahesabu. Wala hakukasirika. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia.

Katika arubuni ile kilinunuliwa kitambaa cha kofia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya yule bwana. Ya pili mjukuu aliishona mwenyewe tangu mwanzo hata mwisho, yenye majani ya mkungu na nyota, na asubuhi ya Idi Kubwa baba yake, mchukuzi wa bandarini, akaivaa kwenda kuswali. Mshono wake ulipinda mahali pawili. Baba hakuona, au aliona asiseme.

Ndugu wasikilizaji, mfano huo una mafunzo, nayo yafaa kutajwa kwa uwazi ili yasibaki kuwa hadithi tu.

Jambo la kwanza ni ujira. Mtume, rehema na amani zimfikie, aliagiza kuwa mfanya kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mtu aswaliye Idi na nguo ambayo hajailipa, na anao uwezo wa kuilipa, amejipamba kwa jasho la mwenziwe. Watu hukumbuka Zakatul-Fitri, na ni wajibu waikumbuke. Lakini deni la fundi ni haki yake, haliingii katika mlango wa sadaka. Mwenye kulipa mapema amelisha nyumba bila ya kuidhalilisha.

Jambo la pili ni kuagiza mapema. Desturi ya wengi ni kwenda kwa fundi katika kumi la mwisho la Ramadhani, kisha kulalamika kuwa mafundi ni waongo. Kazi ya mwezi mzima haiwezi kufanywa kwa siku 3. Katika siku zile tukufu, mtu akesheshwaye kwa haraka ya wengine hukosa hata utulivu wa kuutafuta Usiku wa Cheo. Amuagizaye fundi wake tangu Rajabu amemsaidia katika kazi na katika ibada.

Jambo la tatu ni kujua thamani. Kofia za mashine zipo tele, na si haramu kuzivaa. Mtu wa kipato kidogo anunue aiwezayo, na saumu yake na sala yake hazipungui kitu. Lakini aliye na uwezo, akisimama dukani na kuona kofia ya mkono ina bei mara nyingi kuliko ya mashine, asiseme kuwa muuzaji ni mwizi. Na ahesabu usiku zilizomo ndani yake. Yaliyowapata mafundi wa mahema wa Kairo yalianza na mnunuzi mmoja mmoja, kila mmoja akisema kuwa akiwa mbali haoni tofauti.

Jambo la nne, nalo ni kubwa kuliko yote, ni watoto. Waliosema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo hawakukosea. Shule zifungwapo, watoto wengi hukaa bure wakizurura, na wazee hulalamika. Hali nyumba nyingi zinao mabibi wajuao kushona kofia, kutarizi shingo ya kanzu, kusuka mikeka ya rangi, na hakuna anayewauliza. Likizo moja yatosha mtoto kujifunza mshono mmoja. Vyama vya Waislamu navyo vyaweza kuwakaribisha mabibi hao madrasani, siku mbili kwa juma katika likizo, wafundishe wasichana na wavulana pia, kwani mafundi wa Khayamiya ni wanaume, na Lamu wanaume hushona bila ya kuonekana ajabu. Asiwepo wa kusema kuwa kazi hiyo humzuia mtoto na elimu. Yule mjukuu alilichora pambo lake katika daftari la shule, na kulinganisha majani ya duara kulimtaka hesabu.

Mjukuu yule wa Khan al-Khalili alibaki na mkono wa babu yake ingawa nguo ilikwisha ondoka. Ujuzi ukaao katika nyumba hauchukuliwi na soko wala na serikali. Hukatika kwa njia moja tu, bibi akifa na hakuna aliyeketi naye mkekani.

Basi asubuhi ya Idi ijayo, Waislamu wakutanapo na kushikana mikono baada ya khutuba, na aulizwe mwenye kofia nzuri swali la kwanza: ameipata wapi. Naye asingoje kuulizwa la pili. Aseme mwenyewe, "Ameishona fulani, binti wa fulani, naye nimekwisha kumlipa." Jina la mshonaji likitajwa msikitini, litamfikia nyumbani kabla pilau haijaiva.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zote za wenye kazi za mikono. Awape macho mazima na vidole vyepesi wazee washonao, awape vijana hamu ya kujifunza, awape wenye mali wepesi wa kulipa. Awarehemu mabibi waliotangulia, ambao kazi zao zingali zikivaliwa na majina yao yamesahauliwa. Awatakabalie Waislamu wote saumu zao na sala zao, na awarudishie Idi nyingine katika amani na afya njema. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.